Sinema za Kauboi: Ni Nani Aliyesimama Upande wa Pili wa Bunduki?

Ni tanzu chache za sinema ambazo zimependwa na umma na kudharauliwa na wasomi kwa wakati mmoja kama sinema za kauboi. Zikitajwa katika ukumbi wa mihadhara, aghalabu hupokewa kwa kicheko. Kuna farasi, kuna kofia pana, kuna bastola kiunoni, kuna mtu mwema na mtu mwovu, na mwishoni mwovu huanguka kifudifudi vumbini. Je, kimesalia nini cha kuhakikiwa? Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake linajulikana na kila mtu.

Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo limekosewa. Kaida zizo hizo zinazochekwa ndizo zinazozipa sinema hizi uzito, kwa sababu zinarejelea tena na tena swali ambalo hakuna jamii iliyoasisiwa kwa mabavu inayoweza kulikwepa: je, bunduki iliyoleta sheria inaweza kukaa chini ya sheria hiyo? Fauka ya hayo, inadaiwa hapa kwamba raha anayoipata mtazamaji wa sinema hizi ina deni ndani yake, na mtazamaji wa Kiafrika ana sababu ya pekee ya kuuliza deni hilo lililipwa na nani.

Usuli wa Utanzu

Kabla ya kuizungumzia sinema, yafaa mchunga ng'ombe mwenyewe aelezwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani vilipokwisha mwaka wa 1865, jimbo la Texas lilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, ilhali miji ya kaskazini na mashariki ilihitaji nyama. Mwaka wa 1867 ng'ombe walianza kupakiwa kwenye garimoshi mjini Abilene, katika jimbo la Kansas, na kwa takribani miaka ishirini makundi makubwa yakawa yakiswagwa mamia ya maili kutoka Texas hadi kwenye reli. Aliyeyaswaga ndiye kauboi. Alikuwa kibarua wa mshahara mdogo, aliyelala nje na kumeza vumbi la mifugo ya mwajiri wake. Seng'enge, ambayo Joseph Glidden alipewa hataza yake mwaka wa 1874, ilianza kuzifunga nyanda. Reli nazo zikaifikia Texas. Kisha kipupwe kikali cha mwaka wa 1886 hadi 1887 kikaangamiza mifugo mingi. Enzi ya kauboi ikafifia hata kabla ya karne kwisha.

Wanahistoria wengi hukadiria kuwa takribani kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Wengine wengi walikuwa Wameksiko, na si ajabu kwamba istilahi nyingi za kazi hiyo zilitokana na Kihispania. Ni muhimu jambo hili likumbukwe, kwa maana litarejelewa baadaye.

Inastaajabisha kwamba historia hii iligeuzwa kuwa maonyesho hata kabla haijamalizika. Mwaka wa 1883 William Cody, aliyejulikana kama Buffalo Bill, alianzisha onyesho lake la farasi, bastola na mashambulizi ya kuigiza. Mwaka wa 1885 Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alizunguka na onyesho hilo kwa msimu mmoja. Huyu ndiye yule yule ambaye watu wake, pamoja na washirika wao, walikuwa wamelishinda jeshi la Custer katika vita vya Little Bighorn mwaka wa 1876. Watazamaji walilipa kiingilio ili wamwone adui wao wa juzi akipita mbele yao juu ya farasi. Mwezi Desemba mwaka wa 1890 Sitting Bull aliuawa, na wiki mbili baadaye yakatokea mauaji ya Wounded Knee. Kwa hivyo, jukwaa na kaburi vilikuwa vikiandaliwa sambamba.

Mnamo mwaka wa 1893, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisoma mjini Chicago makala yake maarufu, akidai kwamba tabia ya Mmarekani ilifinyangwa na maisha ya mpakani, pale ambapo makazi ya walowezi yalikutana na kile walichokiita nyika. Riwaya ya Owen Wister, The Virginian, ilifuata mwaka wa 1902 ikiwa na kauboi muungwana, mwalimu wa kike kutoka mashariki na pigano la bastola mwishoni. Mwaka wa 1903 Edwin S. Porter akatoa The Great Train Robbery, sinema ya dakika kama kumi na mbili kuhusu majambazi wanaovamia garimoshi. Msomaji asishangae akiambiwa kwamba sehemu kubwa ya sinema hiyo ilipigwa katika jimbo la New Jersey, upande wa mashariki kabisa wa nchi. Tangu mwanzo, Magharibi ya sinema ilikuwa nchi iliyobuniwa na watu walioitazama kwa mbali.

Kaida na Kazi Zake

Kaida ya kwanza ni mandhari. John Ford alipotengeneza Stagecoach mwaka wa 1939, alikwenda kupiga sehemu ya picha zake katika bonde la Monument Valley, kwenye mpaka wa majimbo ya Utah na Arizona, na akarudi huko mara nyingi baadaye. Minara ya mawe mekundu, anga isiyo na mwisho na gari dogo la farasi linalotambaa chini yake: picha hizi zimekuwa sura ya utanzu mzima. Mandhari haya hayajawekwa kuwa pambo tu. Ukubwa wa nchi unamfanya mwanadamu aonekane mdogo, na hivyo kila tendo lake la ujasiri au la woga linadhihirika waziwazi kama mti ulio peke yake mbugani. Lakini mandhari haya yana dai jingine la kichinichini, kwamba nchi hii ni tupu, haina mwenyewe. Bonde hilo limo katika ardhi ya Wanavajo.

Kaida ya pili ni mji. Aghalabu mji huwa na barabara moja tu. Kando yake kuna baa, jela, benki, duka, kanisa na labda ofisi ya gazeti. Kila jengo ni taasisi, na mtazamaji anaonyeshwa jamii ikiwa bado inajengwa ubao kwa ubao. Anajua kwamba ubao wowote unaweza kung'olewa. Katika miji yetu mikongwe, sheria ni jambo ambalo mtu huzaliwa na kulikuta. Katika mji wa kauboi, sheria ni mtu mmoja mwenye beji kifuani, naye anaweza kuuawa kabla ya chakula cha mchana.

Kaida ya tatu ni jagina mwenyewe. Hutokea pasipojulikana. Maneno yake ni machache, hodari wa silaha lakini mzito wa kuitoa. Sharti la kutokuwa wa kwanza kuchomoa bastola ndilo linalomtenga na hasimu wake, kwa kuwa stadi zao ni sawa. Robert Warshow, katika insha yake ya mwaka wa 1954, aliliona jambo hili vyema: kinachomshughulisha jagina huyu ni heshima yake, na mtazamaji huvutiwa na namna anavyoibeba silaha kuliko risasi zenyewe. Naam, haya ni maadili ya wahusika wa tendi.

Kaida ya nne ni pigano la mwisho. Hapa sinema na historia zinaachana kwa namna inayofundisha. Pigano mashuhuri zaidi lilitokea mjini Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba mwaka wa 1881, na lilimalizika katika muda wa takribani nusu dakika, watu watatu wakiwa wamekufa. Mojawapo ya vyanzo vyake vya karibu kilikuwa amri ya mji iliyokataza watu kubeba silaha hadharani. Miji mingine ya ng'ombe, kama Dodge City na Wichita, ilikuwa na amri za namna hiyo pia. Kwa ufupi, watu halisi wa Magharibi walitaka bunduki ziachwe nje ya mji. Sinema ndiyo iliyozirudisha barabarani saa sita mchana.

Wapo wanaosema kwamba utanzu wenye kaida zinazojulikana hivi hauwezi kuwa na ubunifu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kuyumbishwa na hoja hii. Hadhira ya ngano inajua kwamba sungura atamshinda fisi. Hata hivyo inakaa hadi usiku wa manane. Taharuki yake haitokani na kutojua kitakachotokea. Inataka kuona fanani huyu, usiku huu, atafikaje pale ambapo kila mtu anajua atafika. Kaida ni ahadi kati ya fanani na hadhira, na fanani hodari ndiye anayeitimiza ahadi hiyo kwa njia ambayo hadhira haikuitarajia.

Mfano bora ni High Noon, sinema ya Fred Zinnemann ya mwaka wa 1952. Will Kane, mlinzi wa sheria wa mji mdogo, anaoa na kuacha kazi asubuhi ile ile ambayo habari zinafika kwamba mhalifu aliyemfunga zamani anarudi kwa garimoshi la saa sita. Wafuasi watatu wa mhalifu huyo wanamsubiri kituoni. Kane anazunguka mji mzima akitafuta wa kumsaidia, saa ya ukutani ikionyeshwa kila mara, na muda wa sinema ukikaribiana na muda wa kisa chenyewe. Waumini kanisani wanajadili na kuhitimisha kwamba ingekuwa heri aondoke. Mkewe ni wa madhehebu ya Quaker, yale yale yanayojulikana magharibi mwa Kenya kama kanisa la Marafiki, ambayo hukataa umwagaji wa damu. Hata hivyo, ni yeye anayempiga risasi mmoja wa maadui. Mambo yanapokwisha, Kane anaitupa beji yake vumbini na kuondoka bila kuaga.

Mwandishi wa mswada wa sinema hiyo, Carl Foreman, aliitwa mwaka wa 1951, kazi ikiwa bado inaendelea, mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alikataa kuwataja wenzake, na baadaye akahamia Uingereza. Kane anayeachwa peke yake na majirani waliomsifu jana yake hakuwa basi mtu wa karne ya kumi na tisa pekee. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea fumbo linalofichwa ndani ya kisa cha mnyama au cha mti, hahitaji kufunzwa jinsi hadithi ya kale inavyoweza kusema jambo la leo ambalo mdomo mtupu hauthubutu kulisema.

Jagina Asiye na Makao

Ikiwa kaida hizi zingekoma kwenye ushindi wa mwema dhidi ya mwovu, wanaozicheka wangekuwa na haki. Lakini sinema bora za utanzu huu haziishii hapo. Baada ya ushindi, jagina hana mahali pa kukaa.

Katika Shane, iliyoongozwa na George Stevens mwaka wa 1953, mpiga bastola anawaokoa wakulima wadogo wa Wyoming kutoka kwa tajiri wa ng'ombe anayetaka kuwafukuza. Kisha anamweleza mtoto Joey kuwa aliyewahi kuua hawezi kurudi kuwa mtu wa kawaida, na anaelekea milimani huku mtoto akimwita. Katika The Searchers ya John Ford, ya mwaka wa 1956, Ethan Edwards anamtafuta kwa miaka mingi binti wa ndugu yake aliyetekwa na Wakomanchi, na kwa muda mrefu nia yake ni kumuua kwa kuwa binti huyo amekuwa mmoja wao. Mwishoni anamrudisha nyumbani. Wote wanaingia ndani, yeye anabaki nje, na mlango unafungwa. Chuki iliyompa nguvu ya kutafuta ndiyo inayomnyima kiti ndani ya nyumba.

Katika The Man Who Shot Liberty Valance, ya mwaka wa 1962, Ford anaongeza pilipili. Mwanasheria Ransom Stoddard anakuwa seneta kwa sifa ya kumuua jambazi ambaye kwa hakika aliuawa na mtu mwingine, Tom Doniphon, aliyefyatua risasi akiwa gizani. Doniphon anakufa maskini, na wanaomzika wamemvua hata viatu. Seneta anapousema ukweli hatimaye, mhariri wa gazeti anakataa kuuchapisha. Serikali, reli na Seneti vimejengwa juu ya uwongo unaopendeza. Waswahili husema asante ya punda ni mateke. Hapa mateke yanatolewa na taifa zima.

Mwanafunzi wa Kiswahili akifika hapa hana budi kumkumbuka Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, Liyongo ni shujaa mkubwa kiasi kwamba mtawala wa Pate anaona hakuna usalama akiwa hai. Mwanawe mwenyewe anahadaiwa amchome kitovuni kwa sindano ya shaba. Akiwa anakaribia kufa, Liyongo anaenda hadi kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde wake, na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa kumwogopa, na mama yake anaombwa aende akambembeleze. Wanamdhani yu hai, kumbe ni maiti.

Kisima hicho kinafaa kuwekwa kando ya mlango wa Ethan. Jamii humhitaji mwenye silaha vita vinapobisha hodi, humwogopa vinapoondoka, na hofu hiyo huendelea hata baada ya kifo chake. Tofauti iliyopo ni ya upande wa lawama. Utendi wa Liyongo unamlaumu mtawala mwenye kijicho na mwana aliyeisaliti damu yake. Sinema ya kauboi, inapokuwa bora, inailaumu bunduki yenyewe: mkono ulioilinda nyumba umeshika kitu ambacho hakiwezi kuingizwa ndani ya nyumba hiyo. Hapo ndipo ulipo mvuto wake kwa watu wazima. Mtoto hufurahia risasi, ilhali mtu mzima huutazama mlango.

Upande wa Pili wa Bunduki

Hata hivyo, itakuwa kosa kuisifu huzuni ya jagina na kusahau walioanguka mbele yake. Katika Stagecoach, kahaba anayefukuzwa mjini na daktari mlevi ndio wanaodhihirisha utu, ilhali mwenye benki anayeheshimiwa ndiye mwizi. Huo ni ubinadamu wa hali ya juu. Lakini Waapache katika sinema hiyo hiyo hawapewi utu wowote. Hutokea juu ya kilima, hukimbiza gari, hupigwa risasi, huanguka. Wengi wa walioigiza walikuwa Wanavajo, wakicheza kuuawa katika ardhi yao wenyewe. Katika The Searchers, chifu wa Wakomanchi aliigizwa na Henry Brandon, mtu mweupe aliyezaliwa Ujerumani. Kauboi Weusi nao walifutwa takribani wote katika sinema za Hollywood za enzi hiyo. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani na akawa mlinzi wa sheria wa serikali kuu kuanzia mwaka wa 1875, alihudumu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na kila sifa ya jagina wa utanzu huu isipokuwa rangi iliyotakiwa.

Mnamo Februari mwaka wa 1965, mwandishi James Baldwin alizungumza katika mjadala mashuhuri kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge. Alieleza mshtuko anaoupata mtoto Mweusi ambaye, baada ya kumshangilia Gary Cooper akiwaua Wahindi Wekundu, anatambua kwamba katika nchi yake yeye ndiye Mhindi Mwekundu. Kauli hii haikuwahusu Wamarekani Weusi peke yao. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, sinema za kauboi ndizo zilizopendwa kuliko zote katika miaka ya 1940 na 1950. Mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Mabili kwa kumuiga Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi na kuunda lugha yao ya mitaani.

Je, watazamaji hao walikuwa wamepumbazwa? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina nguvu: mtu aliyetawaliwa anapomshangilia mlowezi mwenye bunduki, kuna jambo limeharibika. Lakini hoja hiyo haitoshi. Maofisa wa kikoloni wenyewe walizihofia sinema hizi, wakisema zingewafundisha Waafrika ukaidi na ghasia. Kijana wa mgodini aliyekuwa akiamriwa kutwa nzima aliona jioni mtu asiyemwinamia yeyote. Alichukua alichokihitaji, yaani mwendo, kofia na kiburi, na kuyaacha mengine. Hadhira si mtungi mtupu unaomiminiwa chochote. Hata hivyo, kuchukua kiburi cha jagina bila kuuliza anamlenga nani ni kukubali nusu ya hadithi kana kwamba ndiyo hadithi nzima.

Nusu ya pili ni ardhi. Mwaka wa 1868, kwa mkataba wa Fort Laramie, Marekani iliahidi kwamba milima ya Black Hills ingebaki mikononi mwa Walakota. Mwaka wa 1874 dhahabu ikagunduliwa humo, na kufikia mwaka wa 1877 milima hiyo ilikuwa imetwaliwa. Mwaka wa 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walionyang'anywa walistahili fidia. Walakota wamekataa kuipokea, wakisema wanachotaka ni milima yao.

Msomaji wa Kenya hawezi kuisoma tarehe hizi bila kukumbuka nyingine. Mwaka wa 1904, kwa mkataba, Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa na kuahidiwa maeneo mawili ambayo yangekuwa yao daima, mojawapo likiwa Laikipia. Mwaka wa 1911, kwa mkataba mwingine, wakaamriwa waiache Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili, na hivyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Ahadi ya Fort Laramie ilidumu miaka tisa. Ile ya Wamaasai, saba. Kotekote kulikuwa na madai kwamba nchi ni tupu au haitumiwi ipasavyo, na kotekote mwenye nguvu alipishwa. Kwa hiyo Mkenya anapoitazama ile nyika pana isiyo na mtu, ambayo kamera huipenda mno, anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza wenyewe wako wapi.

Utanzu Unaojihoji

Huenda ikasemwa kwamba, ikiwa mambo ni haya, heri sinema hizi ziachwe. Wanaosema hivyo husahau kwamba utanzu huu umejihoji zaidi ya tanzu nyingi, tena kwa kutumia kaida zake zenyewe. Haukubaki mali ya Marekani pia. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka wa 1954, iligeuzwa kuwa The Magnificent Seven mwaka wa 1960. Mwitaliano Sergio Leone aliichukua Yojimbo, kazi nyingine ya Kurosawa, akaifanya A Fistful of Dollars mwaka wa 1964, akipiga picha zake nyingi Uhispania. Ndani yake jagina hamtetei mtu kwa ajili ya heshima. Anauza risasi zake kwa pande zote mbili. Leone aliondoa udhuru wa maadili na kuonyesha biashara iliyokuwa chini yake.

Mwaka wa 1970, Little Big Man ilimsawiri Custer kama mwendawazimu na kuwapa Wacheyenne ucheshi, busara na majonzi. Mwaka wa 1972, Sidney Poitier aliongoza Buck and the Preacher, ambamo watu waliotoka utumwani wanaelekea magharibi kutafuta ardhi. Katika Unforgiven, iliyotuzwa Oscar kwa kuwa sinema bora ya mwaka wa 1992, Clint Eastwood anaonyesha kijana aliyejigamba kuwa muuaji akilia baada ya kuua mtu wa kwanza. Mwaka wa 2023 Martin Scorsese alitoa Killers of the Flower Moon, kuhusu mauaji ya Waosage huko Oklahoma katika miaka ya 1920 kwa sababu ya utajiri wa mafuta. Humo adui hatokei kilimani. Anaoa ndani ya familia, anakaa mezani, anatia sahihi hati za urithi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Haidaiwi hapa kwamba marekebisho haya yanatosha. Mara nyingi mtetezi wa wanyonge amebaki kuwa mtu mweupe anayejifunza wema, huku wanyonge wenyewe wakiwa darasa lake. Lakini ni dhahiri kwamba marekebisho haya yasingekuwa na nguvu lau mtazamaji asingezijua kaida. Kilio cha yule kijana katika Unforgiven kinauma kwa kuwa mtazamaji amewahi kuona mamia ya watu wakiuawa katika sinema nyingine bila yeyote kulia.

Hitimisho

Kutokana na yaliyotangulia, ni bayana kwamba sinema za kauboi hazistahili kicheko kinachozipokea katika kumbi za mihadhara. Ni tendi za jamii iliyotaka kujieleza jinsi ilivyotoka kwenye bunduki hadi kwenye mahakama, na ambayo, katika kazi zake bora, ilikiri kwamba haikutoka mikono mitupu. Anayezikataa kwa sababu zina kaida hana budi kuzikataa ngano, tendi na nyimbo za jando pia. Anayezipenda bila kuuliza nyika ile ilikuwa ya nani hajazitazama hadi mwisho.

Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zimezoea kuifunza fasihi linganishi kwa kuuweka utendi kando ya utendi na riwaya kando ya riwaya. Ingefaa sinema ipewe nafasi pia, na sinema za kauboi zianze, kwa kuwa watu wengi wanazijua tayari na istilahi za kuzihakiki, kama vile jagina, hasimu, mandhari, taharuki na dhamira, zimo katika lugha yetu. Mwanafunzi atakayemweka Ethan Edwards mlangoni na Liyongo kisimani, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akiogopa na ni nani aliyekosa maji, atakuwa ameifanyia haki sinema na utendi kwa pamoja.